Kibali cha kujenga si hisani ya afisa

Kuna neno ambalo sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kulifundisha pasipo kulichunguza. Neno hilo ni kibali. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitenzi kubali. Katika matumizi ya zamani, kupata kibali kwa mtu ni kupendwa naye na kutazamwa kwa jicho la huruma, kama mtumishi apatavyo kibali mbele ya bwana wake. Katika matumizi ya ofisini, kibali ni karatasi tu: idhini iliyoandikwa, yenye tarehe, sahihi na mhuri. Maana hizi mbili ziko mbali sana, lakini mwaka uliopita nilitambua kwamba zipo kaunta za serikali ambazo bado hazijazitenganisha.

Nilikuwa natafuta kibali cha kujenga nyumba. Si jumba la ghorofa wala nyumba za kupangisha, bali nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko na choo, katika kiwanja cha futi 50 kwa 100 kwenye viunga vya mji wetu, mji wa kiasi ambao ni makao makuu ya kaunti. Kiwanja hicho nilikinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika cha walimu, na mkopo wenyewe nimeulipa kwa miaka sita. (Wauzaji huviita viwanja vya namna hii thumuni ya ekari. Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuwasahihisha: thumuni ya ekari ni futi mraba 5,445, ilhali 50 kwa 100 ni 5,000. Zile 445 zimekwenda wapi ni swali la siku nyingine.)

Sheria iko wazi. Ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, iliyochukua mahali pa sheria ya 1996, haimruhusu mtu yeyote kuanza ujenzi pasipo idhini ya kaunti. Anayeikiuka aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili. Mwombaji hutakiwa kupeleka hatimiliki, cheti cha ofisi ya usajili wa ardhi kinachoonyesha kuwa kiwanja ni chake na hakina deni, stakabadhi za kodi ya ardhi, ramani ya nyumba iliyochorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na michoro ya mhandisi inayoonyesha msingi na nguzo. Faili hiyo hupitia mikononi mwa afisa wa mipango, mpima ardhi, mhandisi na afisa wa afya ya umma. Idhini ikitoka, mradi wenyewe huandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo iliundwa kwa sheria ya 2011. Ada hupangwa na kila kaunti katika sheria yake ya fedha ya mwaka, na ndiyo maana yule anayejenga ng'ambo ya mto aweza kulipa tofauti na wewe uliye ng'ambo hii.

Sina ugomvi na masharti haya. Mtu anayejenga hajijengei peke yake. Maji yake machafu hupita chini ya ardhi ya jirani, na ukuta wake ukianguka hauchagui wa kumwangukia. Ugomvi wangu ni juu ya yale yaliyonipata tangu nilipoikabidhi faili hadi nilipopata jibu.

Niliiwasilisha faili, nikalipa ada halali na kupewa stakabadhi yenye tarehe. Karani akaniambia nirudi baada ya majuma mawili. Niliporudi niliambiwa, "Njoo wiki ijayo, mwalimu, mkubwa yuko semina." Wiki iliyofuata mkubwa alikuwa kazini lakini faili haikuonekana. Wiki nyingine faili ilionekana, ila ilikuwa kwenye meza ambayo mwenyewe alikuwa likizoni. Nilianza kuijua benchi ya ofisi ile kama nijuavyo kiti changu katika chumba cha walimu. Hakuna aliyenitukana wala aliyenikataa. Laiti wangenikataa, ningalijua pa kuanzia.

Hapa ni sharti niungame. Siku ile faili ilipokosekana, nilimpa kijana wa masijala shilingi 500, nikazikunja ndani ya gazeti na kusema ni za chai. Faili ikapatikana kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa michezo. Nalikiri kosa hili hadharani kwa sababu miongoni mwa wasomaji wa safu hii wamo wanafunzi wangu, ambao nimewahi kuwasahihishia insha juu ya ufisadi na kuwakata alama kwa hoja dhaifu. Hoja yangu siku ile haikuwa na nguvu kuliko zao. Nilikuwa nimechoka, na nauli ya safari nne ilikwisha kuzidi hizo 500.

Langoni pa ofisi hakosekani mtu mwenye mkoba wa makaratasi kwapani. Si mwajiriwa wa kaunti, lakini anawajua wote kwa majina ya utani. Aliniona nikitoka, akanifuata hadi kituo cha matatu. "Mwalimu, faili haina miguu," aliniambia kwa upole kama mtu anayefariji. "Ni lazima isukumwe." Bei ya kuisukuma ilikuwa shilingi 30,000. Zaidi ya hayo, alikuwa na ramani za nyumba zilizokwisha kuchorwa, na kila moja ilikuwa na mhuri wa msanifu ambaye hajapata kukanyaga kiwanja cha mteja. Nilimuuliza msanifu huyo angejuaje kama ardhi yangu imeinama upande gani. Akacheka. "Karatasi haijui mteremko, mwalimu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na kwa siku mbili tatu nilihesabu fedha zangu. Njia nyingine ilikuwa mbele ya macho yangu, maana mtaani kwetu saruji hukorogwa sana Ijumaa jioni. Maafisa wakishafunga ofisi zao, malori ya mawe huingia, mafundi hufanya kazi usiku kucha kwa taa za karabai na za umeme wa kuazima, na Jumatatu asubuhi ukuta umefika kimo cha dirisha. Afisa akija hupiga alama ya X nyekundu ukutani na kuamuru ujenzi usimame. Baada ya mwezi X hiyo hufifia, au hufunikwa kwa lipu, na wenye nyumba wakahamia. Majirani wangu wawili walijenga hivyo. Ni watu wema, na mmoja wao ni shemasi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mstaafu, aliyenifundisha nilipokuwa mvulana na ambaye hadi leo huniita mwanangu. Nilipomweleza shida yangu aliingia chumbani akatoka na nakala ya sheria ile ya 2019, amepiga mistari kwa kalamu ya risasi. "Mwanangu, soma hapa." Nikasoma. Mwombaji asiyepata jibu la maandishi katika muda wa siku 60 huhesabiwa kuwa amepewa idhini. Nikaihesabu stakabadhi yangu: ilikuwa siku ya 63.

Sitaficha furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza kutafuta kibali pasipo kukipata! Nilimpigia simu fundi na kumwambia atafute vijana wa kuchimba msingi. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Alinifungulia Katiba ya 2010, Kifungu cha 47, kisemacho kuwa kila mtu ana haki ya kutendewa kiutawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa haki, na kwamba yule ambaye haki yake imeathiriwa apewe sababu kwa maandishi. "Hujui kwa nini walinyamaza," aliniambia. "Kabla ya kuchimba, waulize."

Basi nikaandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ninayoiandika vizuri zaidi. Karani aliipokea, akaisoma mstari wa kwanza, akaniangalia.

"Mwalimu, hii ni ya Kiswahili?"

"Naam, mama."

"Hapa huwa tunapokea za Kiingereza."

Nilimwonyesha Kifungu cha 7 cha Katiba, kinachosema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Akacheka kwa moyo safi, akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, na kuniambia kwamba mwanawe anafanya mtihani wa Kiswahili mwaka huu, je, ningeweza kumtazamia insha zake? Niliahidi, na nimetimiza. Sikuona ubaya, kwa maana mhuri ulikwisha kugongwa.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilikuwa ukurasa mmoja wenye mambo mawili. La pili lilikuwa dogo, juu ya dirisha la chumba kimoja lililotazama ukuta wa mpaka na kukosa mwanga. La kwanza ndilo lililoninyamazisha. Afisa wa afya ya umma alikuwa ameandika kwamba shimo langu la maji taka limechorwa mita tisa tu kutoka kisima cha jirani, na kwamba mteremko wa ardhi unaelekea kisimani.

Kisima hicho nakijua. Ni cha mama mmoja mjane anayeishi upande wa chini wa kiwanja changu, naye huwagawia maji nusu ya mtaa mifereji inapokauka. Nilikwisha kunywa maji yake mara nyingi nilipokuwa nikienda kuangalia bikoni zangu. Msanifu wangu alikuja kiwanjani, hilo nalishuhudia, lakini alikuja wakati wa mvua, kichaka kikiwa kimezidi kimo cha mtu, na kisima hakukiona. Mimi nilikiona kila juma na sikukifikiria.

Tarehe ya maandishi ya afisa yule iliniuma kuliko maandishi yenyewe. Aliyaandika katika juma la tatu baada ya mimi kuwasilisha faili. Kwa zaidi ya majuma sita, maneno ambayo yangaliweza kulinda maji ya mtaa mzima yalilala ndani ya faili ilhali mimi nimeketi kwenye benchi hatua kumi kutoka hapo nikiambiwa nije wiki ijayo. Mtaalamu alikuwa ameifanya kazi yake, tena kwa uangalifu. Hakuna aliyeona haja ya kunieleza.

Tafakari, msomaji, yale ambayo yangalitokea. Lau ningemlipa yule wa langoni, mhuri ungepatikana kwa siku chache na shimo lingechimbwa pale pale. Lau ningejenga Ijumaa usiku, hali kadhalika. Hata ile njia ya siku 60, ambayo ni halali na ambayo ningeweza kuitetea mahakamani, ingenifikisha mahali pamoja na wale wengine: nyumba imesimama, sheria imeridhika, na mtoto wa mtu anaharisha. Kuanzia hapo sikuiona tena siku 60 kama ushindi wa mwananchi. Sheria iliiweka ili kumwadhibu afisa mzembe, lakini uzembe ule ukimfikia afisa wa afya, anayeadhibiwa ni yule anywaye maji.

Nasema haya kwa sababu mjadala wetu juu ya vibali aghalabu huishia kwenye rushwa, kana kwamba tukiiondoa rushwa mambo yatakuwa sawa. Rushwa ni chukizo, nami nimekwisha kuungama yangu. Hata hivyo, iko dhana iliyo chini yake, ambayo hubaki hata kwa afisa asiyepokea senti. Ni ile maana ya zamani ya kibali. Afisa hudhani anatoa fadhila, na mwananchi hudhani anaomba fadhila, basi hakuna anayeona kwamba jibu ni deni. Anayeomba fadhila hunyamaza akiambiwa asubiri. Hathubutu kuuliza sababu, asije akamuudhi mtoaji.

Na ofisi inayohesabu mihuri badala ya misingi hujidanganya. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Jengo hilo lilikuwa limesimama karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kuorodheshwa miongoni mwa yale ya kubomolewa. Ofisini hatari yake ilikuwa inajulikana. Ndani, watu walikuwa wamelala na watoto wao, kodi ya mwezi wameilipa. Kila nikumbukapo Huruma huona kwamba tofauti yake na kisima cha jirani yangu ni ya idadi tu: ujuzi ulikuwepo, nao ulikaa kwenye makaratasi.

Magavana hutangaza mapato kila mwaka, na ada za ujenzi zimo katika hesabu hiyo. Sijasikia hata mmoja akitangaza ni misingi mingapi iliyokaguliwa kabla ya kumwagwa saruji.

Lipo pia suala la lugha, ambalo najua baadhi ya wasomaji wangu watalidharau. Kwa zaidi ya nusu karne nyumba zetu zilipimwa kwa kanuni za 1968, zilizofuata mfano wa Uingereza. Mwaka wa 1995 zikalegezwa ili kuruhusu vifaa vya bei nafuu katika nyumba za watu wa kipato kidogo. Na mwaka wa 2025 zikaanza kutumika kanuni mpya za kitaifa za ujenzi, zile za 2024. Zote zimeandikwa kwa Kiingereza. Fundi aliyejenga nyumba arobaini kwa mikono yake hajapata kuzisoma, na hata mimi niliyesoma chuo kikuu nilizisoma nikiwa na kamusi mkononi. Fomu ya maombi ni ya Kiingereza. Masharti yaliyo nyuma ya kibali ni ya Kiingereza, tena kwa herufi ndogo.

Nilichukua fomu moja darasani, nikawapa wanafunzi wangu wa sekondari waitafsiri kwa makundi. Walikwama katika ule umbali ambao nyumba hutakiwa kuwa nao kutoka barabarani. Wengine walitunga maneno mazito ya kutisha. Msichana mmoja, ambaye baba yake ni fundi wa mawe, alisema kuwa nyumbani kwao huitwa nafasi ya kuacha. Darasa likacheka, kisha likakubali, kwa maana hakuna aliyekuwa na neno bora. Ikiwa kaunti yoyote inataka tafsiri ya fomu yake, ninayo daftarini na siidai hata shilingi. Ingebandikwa ukutani pale penye benchi, pamoja na ada, siku zinazoruhusiwa, na jina la kamati ya kaunti ambayo mtu aliyenyimwa hukata rufaa kwake katika muda wa siku 14. Wengi hawajui kuwa kamati hiyo ipo.

Kwa mwenzangu anayekusudia kujenga, ninalo neno dogo la kikazi. Kila karatasi unayoipeleka, beba nakala yake, na usiondoke kaunta kabla nakala haijagongwa mhuri wa kupokea wenye tarehe. Pasipo mhuri huo, siku 60 hazina mwanzo na barua yako haina kichwa. Na uende na msanifu wako kiwanjani wakati wa kiangazi.

Msanifu wangu alilihamisha shimo hadi pembe ya juu, upande wa barabara. Mchoro mpya ulichukua alasiri moja. Kibali kilitoka majuma matatu baadaye, na miongoni mwa masharti yake lilikuwamo moja la kuijulisha ofisi kabla msingi haujafunikwa. Fundi alinishauri nisijisumbue. "Hawajagi hao, mwalimu." Mawingu yalikuwa yameanza kutanda, na mtaro ulioachwa wazi hubomoka kingo. Hata hivyo niliandika barua nyingine, nikangoja siku nne, fundi akininunia.

Siku ya tano alifika afisa kijana, msichana wa umri wa binti yangu, akiwa juu ya bodaboda aliyoilipa mwenyewe, kwa sababu idara yao ina gari moja, nalo lilikuwa limebeba viti vya mkutano. Alishuka mtaroni na viatu vyake vya ofisini. Akapima kina kwa tepu, akatikisa vyuma, akamwambia fundi wangu aongeze upana wa msingi kwenye pembe moja yenye udongo laini, na fundi, ambaye hapendi kuambiwa, akaongeza. Kisha alitembea hadi pembe ya juu kuangalia mahali pa shimo, akageuka kutazama upande wa kisima, akapima kwa macho, akaandika. Nilimpa nauli ya kurudi akaikataa. Aliomba maji ya kunywa, nami nikamtuma kijana wa fundi akayateke kwa jirani.

Nyumba sasa imefika kwenye linta. Mama jirani hupita jioni na kutupongeza, na bado anagawa maji. Sijamwambia kwamba shimo langu lilikuwa limechorwa mita tisa kutoka kisima chake. Nadhani atalisoma hapa, kwa kuwa mwanawe humletea gazeti hili kila Jumamosi.